Gari Kimya, Chaja Yenye Kelele: Hesabu ya Usingizi Karibu na Kituo cha Kuchaji

Watu wengi wakisikia habari za gari la umeme, jambo la kwanza wanalotaja ni ukimya. Halingurumi, halitoi moshi, linapita kando yako kama baiskeli. Hilo ni kweli, tena ni kweli kiasi kwamba Ulaya ililazimika kutunga sheria ya kulifanya litoe sauti. Tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme katika Umoja wa Ulaya ni lazima liwe na kifaa cha kulitolea sauti linapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa, ili wasioona na wanaovuka barabara walisikie likija.

Lakini gari hilo hilo likisimama na kuchomekwa kwenye chaja, mambo yanaweza kugeuka. Chaja kubwa za kasi zina feni, na feni hizo zinavuma. Kiwashe kifaa kimoja cha aina hiyo mchana kando ya barabara kuu, hakuna atakayekisikia. Viwashe vinne saa 8 usiku, mita 20 kutoka dirisha la mtu aliyelala, hapo una kesi.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wanafunzi? Kwa sababu ya mahali tunapolala. Hosteli nyingi za nje ya chuo zimejengwa karibu na stendi, vituo vya mafuta na barabara za matatu, maana ndiko kodi iko chini. Na huko huko ndiko chaja za mabasi na pikipiki zitakakowekwa. Jijini Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza majaribio mwaka 2022, na basi la abiria halina nafasi ya kukaa kwenye chaja mchana kutwa. Linafanya kazi mchana, linachaji usiku. Usiku ndio wetu wa kulala, au wa kusoma kabla ya mtihani.

Makala hii haipingi magari ya umeme. Basi la dizeli linalonguruma stendi alfajiri likisubiri abiria linatusumbua zaidi, na jenereta ya duka la jirani pia. Nia ni kujifunza fizikia ndogo inayotosha kuuliza maswali sahihi kabla mitambo haijafungwa, kwa sababu baada ya kufungwa ni vigumu kuihamisha.

1. Kwanza tuelewane kuhusu desibeli

Desibeli si kilo. Ukiweka gunia la kilo 60 juu ya gunia jingine la kilo 60, unapata kilo 120. Ukiwasha chaja ya desibeli 60 kando ya nyingine ya desibeli 60, hupati 120. Unapata 63. Hii ni kwa sababu kipimo hiki kinafuata logarithimu, sio kujumlisha kwa kawaida. Sheria tatu zifuatazo zinatosha kwa kazi yetu yote:

(a) Vyanzo vya sauti vikiwa mara mbili, ongeza desibeli 3.
(b) Vyanzo vikiwa mara kumi, ongeza desibeli 10. Sikio la kawaida huhisi ongezeko hilo la 10 kama sauti iliyokuwa kubwa mara mbili hivi.
(c) Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, punguza desibeli 6.

Kwa kulinganisha: watu wawili wanaozungumza kawaida, umbali wa mita 1, wako karibu desibeli 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani mwa kulala isizidi desibeli 30, na darasani isizidi 35. Kumbuka namba hizo mbili, tutazirudia.

Jambo moja zaidi. Ukisoma karatasi ya maelezo ya chaja, utaona imeandikwa dB(A). Hiyo A ina maana kwamba kipimo kimerekebishwa kufuata sikio la binadamu, ambalo halisikii vizuri sauti nzito za chini. Sauti ya masafa ya hezi 100 hupunguziwa desibeli 19 hivi kabla ya kuhesabiwa. Ni sawa kwa kazi nyingi, ila sauti nzito ndizo zinazopenya ukuta na dirisha kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo namba nzuri kwenye karatasi haimaanishi moja kwa moja kwamba aliye ndani ya chumba hatasikia mvumo.

2. Kelele yenyewe inatoka wapi?

Betri ya gari inahifadhi umeme wa mkondo mnyoofu. Umeme unaotoka ukutani ni mkondo geu. Ni lazima mahali fulani katikati ubadilishwe, na swali la kelele kwa kiasi kikubwa ni swali la mahali ubadilishaji huo unapofanyika.

Katika uchaji wa polepole, ule wa nyumbani wa kilowati 7 hivi, kibadilishi kimo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku unachokiona ukutani si chaja hasa. Ni swichi yenye akili. Kinazungumza na gari, kinahakikisha waya uko salama, kisha kinafunga umeme. Utasikia "tak!" moja mwanzoni na "tak!" nyingine mwishoni. Basi. Kama kuna uvumi wowote, unatoka garini.

Katika uchaji wa kasi, wa kilowati 50, 150 au zaidi, kibadilishi ni kikubwa mno kukibeba garini. Kinawekwa kwenye kabati nje, na hilo kabati ndilo lenye maneno mengi. Sikiliza kwa makini utatambua sauti nne.

Ya kwanza ni mvumo mzito wa transfoma na koili. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Chuma cha transfoma hunyooka na kujikunja kidogo sana mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo sauti inayotoka ni ya hezi 100, sio 50. Ni ile ile unayoisikia ukipita chini ya transfoma ya mtaani.

Ya pili ni mlio mwembamba. Vifaa vya kielektroniki ndani ya kabati hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na koili hutetemeka kwa kasi hiyo hiyo. Ikiwa masafa ni zaidi ya hezi 15,000, wewe wa miaka 20 unaweza kuisikia na mhadhiri wako wa miaka 55 asiisikie kabisa. Uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua na umri. Kwa hiyo mkubwa akikuambia "mbona sisikii kitu?", hadanganyi, na wewe huzushi.

Ya tatu ni feni, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Tutaipa sehemu yake.

Ya nne inatoka kwenye gari. Betri inapopokea umeme mwingi inapata joto, na gari linawasha pampu ya maji ya kupoza, feni ya rejeta, na wakati mwingine kompresa ya kiyoyozi, ili kuilinda. Kuna watu wamelaumu chaja wakati kilichokuwa kikipiga kelele ni gari.

3. Joto, hewa na feni

Hakuna mtambo unaobadilisha umeme bila hasara. Tuseme kabati la kilowati 150 lina ufanisi wa asilimia 95. Asilimia 5 inayobaki ni kilowati 7.5, na yote inageuka kuwa joto ndani ya kabati. Ni kama kuwasha majiko ya umeme kadhaa ndani ya kabati la nguo na kufunga mlango. Lisipotolewa, vifaa vinaungua.

Linatolewaje? Kwa hewa. Kila mita moja ya ujazo ya hewa inabeba kilojuli 1.2 hivi kwa kila digrii inayopanda. Ukikubali hewa ipande digrii 20 inapopita kabatini, hesabu ni hii: 7.5 ÷ (1.2 × 20) = 0.31. Yaani mita za ujazo 0.31 kila sekunde, ambazo ni lita 310. Lichukue dumu la maji la lita 20: ni madumu zaidi ya 15 ya hewa yanayopita kabatini kila sekunde. Hewa nyingi hivyo haipiti kwenye matundu madogo kimyakimya.

Sasa shika kanuni hii, maana makala nzima inaitegemea. Hewa inayosukumwa na feni inaongezeka sawasawa na kasi ya feni. Lakini kelele haiongezeki sawasawa. Kwa kawaida hufuata 50 mara logarithimu ya uwiano wa kasi. Ukipunguza kasi ya feni iwe nusu, kelele inashuka desibeli 15 hivi. Ukiipunguza iwe robo, inashuka karibu 30. Kwa maneno mengine, kupunguza kidogo mahitaji ya hewa kunaleta nafuu kubwa sana ya sikio, na kuongeza kidogo kunaleta adha kubwa.

Kanuni hiyo hiyo inaonyesha kwa nini hatuwezi kuchukua vipimo vya Ulaya na kuvibandika hapa. Tuseme vifaa vya ndani havitakiwi kuzidi digrii 50. Usiku wa Nairobi wenye digrii 15 unakupa nafasi ya digrii 35. Usiku wa Mombasa wenye digrii 27 unakupa 23 tu. Kabati lile lile, likitoa joto lile lile, linahitaji hewa mara 1.5 zaidi Mombasa. Kwa kanuni yetu hiyo ni desibeli 9 za ziada. Komredi wa Pwani atasikia mashine ile ile karibu mara mbili ya vile anavyoisikia mwenzake wa Nairobi. Kwa hiyo chuo cha Pwani kikiletewa karatasi ya mtengenezaji yenye kipimo cha desibeli, swali la kwanza liwe: kipimo hiki kilichukuliwa kukiwa na joto la digrii ngapi, na feni zikiwa kasi gani?

4. Hesabu ya umbali

Hebu tufanye mfano. Tuseme kabati moja, feni zikiwa zimeshika kasi, linatoa desibeli 60 kwa umbali wa mita 1. Hii ni namba ya mfano tu. Mashine halisi ziko za chini na za juu yake. Kwa sheria ya (c):

Mita 2: desibeli 54
Mita 4: desibeli 48
Mita 8: desibeli 42
Mita 16: desibeli 36
Mita 32: desibeli 30

Ukitaka desibeli 35 nje ya dirisha, unahitaji umbali wa mita 18 hivi. Sio mbaya, utasema. Ngoja. Kituo cha mabasi hakina kabati moja. Weka manne: ni kuongeza mara mbili, kisha mara mbili tena, yaani desibeli 6. Sasa kituo ni kama chanzo cha desibeli 66 na umbali unaohitajika umefika mita 36. Sasa yaegemeze ukutani, kama mafundi wengi wanavyopenda kufanya ili kuokoa nafasi. Ukuta unarudisha sauti upande wa mbele na kuongeza hadi desibeli 3. Tumefika 69, na umbali unaohitajika ni mita 50. Yaweke kwenye kona ya kuta mbili, hali inakuwa mbaya zaidi.

Mita 18, mita 36, mita 50. Mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi na mahali zilipowekwa. Wanaochora ramani ya kituo ndio wanaoamua nani atalala.

Tahadhari mbili. Hesabu hii ni ya mahali pa wazi. Katikati ya majengo marefu yanayotazamana sauti inarudi huku na huku, haipungui haraka hivyo. Pia, kama mahali penyewe tayari pana kelele ya desibeli 40, kuongeza 35 kunaleta 41 hivi tu, na wengi hawatatambua. Tatizo linakuwa kubwa zaidi pale ambapo usiku ni kimya kweli.

5. Sheria inasema nini, na bei inasema nini

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Kwa makazi, kiwango cha nje mchana ni desibeli 50. Usiku ni 35. Na usiku wa kanuni hizo unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Uganda ina kanuni zake za mwaka 2003, na hizo zinataja taasisi za elimu ya juu kwa jina, zikiziweka kundi moja na hospitali na maktaba: desibeli 45 mchana, 35 usiku. Ujerumani, ambako vituo vya kasi vimeenea zaidi kuliko kwetu, mwongozo wa kelele wa mwaka 1998 unaweka 35 usiku kwa maeneo ya makazi matupu na 40 kwa makazi ya kawaida. Tena huko, sauti yenye mlio mmoja unaosikika wazi inaongezewa adhabu ya desibeli 3 au 6, kwa sababu mlio kama huo unaudhi kuliko uvumi wa kawaida wenye namba ile ile.

Kwa hiyo 35 si ndoto ya watu wa Ulaya. Iko katika vitabu vyetu wenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri. Bei ya msingi ni shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake, shilingi 8, katika saa ambazo matumizi ya nchi yako chini. Siku za kazi saa hizo ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sababu yake inaeleweka: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, na mvuke haulali. Usiku watu wakizima taa, umeme upo bila wa kuutumia. Kuujaza kwenye betri za mabasi ni akili.

Ila linganisha saa hizo. Dirisha lote la bei nafuu limo ndani ya usiku wa sheria ya kelele. Saa ambayo mwenye basi anaambiwa na bili "chaji sasa" ndiyo saa ambayo kanuni ya mazingira inamwambia "nyamaza". Kila moja imetungwa kwa nia njema, kila moja na ofisi yake, na jirani wa kituo ndiye anayekutana nazo zote mbili kitandani.

Je, lazima mmoja ashindwe?

6. Njia ya kutoka: usiku chaji polepole

Hapa ndipo kanuni ya feni inapolipa. Chukua basi linalohitaji uniti 160 ili kujaa. Unaweza kulipa kilowati 80 kwa saa 2, au kilowati 20 kwa saa 8. Umeme ni ule ule, bei ni ile ile, na asubuhi saa 12 basi limejaa kwa njia zote mbili.

Lakini kwa sikio si sawa hata kidogo. Kwa hasara ya asilimia 5, njia ya kwanza inatoa kilowati 4 za joto kabatini. Ya pili inatoa 1. Joto robo, hewa robo, kasi ya feni robo, na kelele ya feni inashuka karibu desibeli 30. Kivitendo hutapata zote 30, kwa sababu feni ikinyamaza utaanza kusikia mvumo wa transfoma uliokuwa umefunikwa. Hata hivyo ni tofauti ya kulala na kutolala.

Waya na betri nazo zinafaidi. Joto la waya linafuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa robo, joto la kila sekunde linakuwa sehemu moja ya 16. Muda ni mara nne, kwa hiyo jumla ya joto lililopotea kwenye waya ni robo. Betri isiyopata joto haihitaji kompresa ya gari kuwaka. Tumezima sauti mbili kwa swichi moja.

Mtu wa biashara atauliza: si nitahitaji plagi nyingi zaidi? Ndiyo. Mabasi 10 yakichaji kwa zamu ya saa 2, kabati 3 zinatosha usiku mzima. Yakichaji polepole yote pamoja, yanahitaji sehemu 10 za kuchomeka. Hiyo ni gharama ya kweli ya nyaya na nafasi. Upande wa kelele, kutoka vyanzo 3 hadi 10 ni ongezeko la desibeli 5, dhidi ya punguzo la karibu 30. Bado tumeshinda. Upande wa umeme, mabasi 10 kwa kilowati 20 ni kilowati 200. Kabati 3 za kilowati 80 ni 240. Transfoma haihitaji kuwa kubwa zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya mtengenezaji. Zamu zina maana ya kusogeza mabasi saa 6, saa 8 na saa 10 usiku. Kusogeza basi ni ile "pii, pii, pii" ya kurudi nyuma, milango, na sauti za wafanyakazi wakielekezana. Sauti hizo za ghafla huamsha watu kuliko uvumi wa mfululizo. Basi lililochomekwa saa 4 usiku na kuachwa hadi asubuhi halina habari hizo, na mlinzi wa kituo naye anapumzisha masikio. Tusimsahau mlinzi. Sisi tunahesabu mita 36. Yeye yuko mita 3 usiku kucha.

Onyo moja: mbinu hii inafanya kazi kama feni inaweza kubadilisha kasi. Baadhi ya mashine zina hali mbili tu, feni kuwaka yote au kuzima. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kununua, sio baada.

7. Mengine yanayosaidia

Geuza matundu ya feni yaelekee barabarani, sio madirishani. Usiyaegemeze makabati ukutani bila sababu. Ukuta wa kuzuia sauti unasaidia iwapo uko karibu na mashine na unaficha kabisa mashine isionekane kutoka dirishani. Ukiweza kuiona mashine, unaisikia. Miti michache inapendeza macho, lakini kwa sauti haifanyi kazi ya maana. Safisha vichujio: vumbi la mji likiziba njia ya hewa, feni inazunguka kwa kasi zaidi ili kupitisha hewa ile ile, na sasa unajua maana yake kwa desibeli.

Vituo vya kubadilisha betri za pikipiki, kama vile vya Ampersand vilivyoanzia Kigali, vina hesabu yao. Chaja moja ya betri ya pikipiki ni ndogo na feni yake ni ndogo. Ila zikiwa 10 kwenye kibanda kimoja ni desibeli 10 zaidi, na 100 ni 20 zaidi. Hapo dawa rahisi ni kuziweka ndani ya chumba chenye njia ya hewa iliyopangwa vizuri badala ya kibanda cha wavu.

8. Jipimie mwenyewe

Huhitaji maabara. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ina programu ya bure ya kupima kelele kwa simu za iPhone, na vipimo vya maabara vilionyesha usahihi wa karibu desibeli 2. Programu za simu nyingine hutofautiana sana, kwa hiyo zitumie kulinganisha, usizitumie kushtaki.

Fanya hivi. Kwanza pima mahali penyewe chaja ikiwa haifanyi kazi. Hiyo ni kelele ya mazingira. Kisha pima mahali pale pale chaja ikiwa inafanya kazi, ikiwezekana dakika za mwanzo, kwa maana betri ikikaribia kujaa nguvu hupunguzwa na feni hutulia. Namba ikipanda kwa 10 au zaidi, unachopima ni chaja karibu peke yake. Ikipanda kwa 3, chaja na mazingira viko sawa. Isipopanda, malalamiko yako yatafute mahali pengine. Andika saa, umbali, hali ya joto na idadi ya magari. Shinikiza simu isipate upepo, kwa sababu upepo kwenye maikrofoni unadanganya.

Chuo kikitangaza mpango wa kituo cha kuchaji, wawakilishi wetu wawe na maswali manne mkononi: kilowati ngapi usiku? Makabati mangapi, mita ngapi kutoka dirisha la karibu? Feni zinabadilisha kasi? Na nani atapima baada ya kufungwa? Maswali hayo hayamzuii mtu kuleta basi la umeme. Yanamsaidia kulileta bila kutuamsha.

Maswali ya kujipima

(1) Kibanda kina chaja 8, kila moja desibeli 58 kwa mita 1. Zikichukuliwa kama chanzo kimoja, ni desibeli ngapi kwa mita 1?
(2) Kutoka jibu la (1), ni desibeli ngapi kwa mita 32?
(3) Basi linahitaji uniti 120 na lina saa 6. Nguvu ndogo kabisa inayotosha, bila kuhesabu hasara, ni ipi?
(4) Kasi ya feni imepunguzwa iwe nusu, lakini kelele imeshuka desibeli 6 tu. Taja sababu moja inayowezekana.

Majibu: (1) 67. (2) 37. (3) Kilowati 20. (4) Kuna chanzo kingine kilichobaki, mfano mvumo wa transfoma au kelele ya mazingira, ambacho sasa ndicho kinachosikika zaidi.